Riba Imeshuka, Lakini Fleti ya Kupangisha Bado Haijilipi

Kati ya Agosti 2024 na Juni 2025, Benki Kuu ya Kenya ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 13 hadi asilimia 9.75. Katika kipindi hicho hicho, dhamana za serikali za siku 91, ambazo katikati ya mwaka 2024 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16, zilishuka hadi takriban asilimia 8. Jijini Nairobi mabadiliko haya yamefasiriwa kwa namna moja karibu kila mahali panapozungumziwa pesa: kwamba siku za kuikopesha serikali zimepita, na kwamba mwenye akiba, au mwenye mshahara unaomwezesha kukopa, anunue nyumba ya kupangisha sasa kabla bei hazijapanda. Naamini tafsiri hiyo ina kosa kubwa. Kushuka kwa riba ni jambo la kweli na lenye manufaa, lakini riba si kitu kilichokuwa kikiwaangusha wengi wanaonunua fleti za kupangisha mjini. Kinachowaangusha ni makadirio: kodi inayodhaniwa italipwa kila mwezi bila kukosa, gharama zinazoachwa nje ya hesabu, na ongezeko la thamani linalohesabiwa kana kwamba ni mapato ya kila mwaka. Makadirio hayo yasiporekebishwa, mkopo wa bei nafuu utamrahisishia mtu njia ya kuingia katika ununuzi mbaya.

Tuchukue mfano wa fleti ya chumba kimoja cha kulala inayouzwa kwa shilingi milioni 6 katika mtaa wa aina ya Kilimani au Kileleshwa, ambayo muuzaji anasema itapangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mchanganuo niliowahi kukabidhiwa katika maonyesho ya nyumba ulifanya hesabu ya namna hii kwa mstari mmoja tu: kodi ya mwezi mara 12, ikagawanywa kwa bei. Kwa fleti yetu hiyo ni shilingi 480,000 kwa mwaka, yaani faida ya asilimia 8. Hesabu hiyo haina uongo wa wazi, lakini kila tarakimu ndani yake imechukuliwa katika hali yake bora kabisa. Kwanza, milioni 6 si kiasi ambacho mnunuzi atakitoa mfukoni. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, ambao hapa ni shilingi 240,000, na juu yake kuna ada ya wakili, uthamini, usajili na marekebisho madogo kabla mpangaji hajaingia. Nikikadiria jumla ya hayo yote kuwa shilingi 400,000, gharama halisi inafika milioni 6.4. Pili, shilingi 40,000 ni kodi inayotangazwa. Mpangaji anayeonyeshwa fleti tano zinazofanana katika barabara moja, nyingine zikiwa bado zinanukia rangi mpya, ana uwezo wa kubishana, na mwenye nyumba ambaye fleti yake imekaa tupu tangu mwezi uliopita hana. Naichukua 36,000 kuwa kodi itakayolipwa. Tatu, hakuna fleti inayokaliwa miezi 12 ya kila mwaka kwa miaka yote. Wapangaji huhama, hupoteza kazi, huhamishiwa Mombasa au Kisumu, na kati ya anayetoka na anayeingia kuna kusafisha, kupaka rangi na kusubiri. Mwezi mmoja mtupu kwa mwaka ni kadirio la upole. Kwa hiyo mapato ghafi ni 36,000 mara 11, yaani shilingi 396,000.

Kutoka katika kiasi hicho, Mamlaka ya Ushuru, KRA, inadai asilimia 7.5 kwa mwenye mapato ya kodi ya nyumba za makazi yaliyo kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa mwaka 2023, na kupungua kwake kulishangiliwa kwa haki. Lakini jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni kwamba ushuru huu hutozwa kwenye mapato ghafi: riba ya mkopo, ukarabati na ada za wakala haviondolewi kwanza, na mwenye nyumba anayepata hasara bado anaulipa, isipokuwa ameiarifu KRA kwa maandishi kwamba anataka kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa faida. Hapa ni shilingi 29,700. Wakala anayekusanya kodi na kutafuta wapangaji, akitoza asilimia 8, atachukua 31,680. Ada ya huduma ya jengo, inayolipia askari, lifti, usafi, jenereta na maji ya kisima, nikiikadiria kuwa 5,000 kwa mwezi, ni 60,000 kwa mwaka, nayo hulipwa hata fleti ikiwa tupu. Ukarabati wa ndani nauwekea kodi ya mwezi mmoja, 36,000, na bima pamoja na mchango wa ada za ardhi za kaunti nauwekea 10,000. Jumla ya makato ni 167,380. Kinachobaki ni shilingi 228,620 kwa mwaka, yaani takriban 19,000 kwa mwezi, ambayo ni asilimia 3.6 ya milioni 6.4. Ile asilimia 8 imepungua zaidi ya nusu bila janga lolote kutokea: hakuna mpangaji aliyetoroka usiku, hakuna bomba lililopasuka ukutani, hakuna kesi mahakamani.

Sasa tuirudishe riba, kwa kuwa ndiyo iliyozua shauku hii. Mnunuzi akikopa milioni 4 kwa miaka 15 kwa asilimia 17, atalipa takriban shilingi 61,500 kwa mwezi. Akikopa kiasi hicho hicho kwa asilimia 14, atalipa kama 53,300. Nafuu ya zaidi ya shilingi 8,000 kila mwezi si ndogo. Hata hivyo fleti inamletea 19,000, na pengo la zaidi ya 34,000 kila mwezi litatoka kwenye mshahara wake au biashara yake kwa miaka mingi, mbali na zile milioni 2.4 alizotoa mwanzoni. Hata tukimpa riba ya asilimia 9, ya aina inayopatikana katika mikopo inayofadhiliwa kupitia Kenya Mortgage Refinance Company na inayokusudiwa hasa watu wanaonunua makao yao wenyewe, atalipa kama 40,600, na pengo litakuwa bado zaidi ya 21,000. Usemi kwamba nyumba itajilipa yenyewe hauna mashiko katika hesabu hii kwa kiwango chochote cha riba ambacho benki za Kenya zimewahi kutoza katika soko la kawaida. Mkopo wa chama cha ushirika, ambao mara nyingi hutozwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, unaonekana nafuu zaidi, lakini muda wake ni mfupi, na muda mfupi huongeza rejesho la kila mwezi.

Ikumbukwe pia kwamba riba iliyoshuka inaweza kupanda tena mkopo ukiwa katikati. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7, na kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Sheria iliyoweka kikomo cha riba mwaka 2016 ilikuwa imeondolewa Novemba 2019, na mikopo mingi ya nyumba nchini hubadilika kufuatana na soko. Aliyekopa mwaka 2021 akidhani rejesho lake lingebaki pale pale alijikuta, miaka mitatu baadaye, akilipa maelfu zaidi kila mwezi kwa nyumba ile ile yenye mpangaji yule yule. Mkopo wa miaka 15 utapitia zaidi ya mzunguko mmoja wa aina hii. Kwa hiyo anayepiga hesabu kwa riba ya leo peke yake anachukua sehemu nzuri zaidi ya mzunguko na kuifanya kanuni ya miaka yote.

Wanaonunua wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Hoja inayosikika zaidi ni uhaba wa nyumba. Takwimu ambayo serikali imeitumia kwa muda mrefu inasema kwamba nchi inahitaji nyumba mpya kama 250,000 kila mwaka huku zinazojengwa zikiwa kama 50,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 katika Kaunti ya Nairobi, walio wengi mno wakiwa wapangaji. Ni kweli kwamba jiji hili lina njaa ya nyumba. Lakini uhaba umejaa chini, kwa watu wanaoweza kulipa shilingi 5,000 au 10,000, ilhali fleti zinazouzwa kwa wawekezaji wadogo zinalenga tabaka la wenye mishahara ya kati. Pale juu kidogo, majengo mapya yamesimama bega kwa bega katika mitaa michache ile ile, na Ruaka, ingawa iko Kiambu, ni sehemu ya ushindani huo huo. Anayehitaji nyumba na anayeweza kuilipia ni watu wawili tofauti, na mwekezaji hulipwa na huyo wa pili tu.

Tena huyo wa pili amebanwa. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 100,000 alikuwa, kabla ya mwaka 2023, akikatwa 1,700 za bima ya afya ya NHIF na 200 za NSSF. Baada ya kuanzishwa kwa ada ya nyumba ya asilimia 1.5, bima mpya ya afya ya asilimia 2.75 mnamo Oktoba 2024, na viwango vipya vya NSSF vya Februari 2025, makato hayo yalifika shilingi 8,570. Nafuu ya ushuru wa mapato hurudisha sehemu ya tofauti hiyo, lakini haiirudishi yote. Jedwali la mwekezaji linaloongeza kodi kwa asilimia 5 au 7 kila mwaka kwa miaka 15 halijamwangalia mtu huyu. Kodi hutoka katika kile kinachobaki baada ya makato, karo, nauli na chakula, na isipokuwa kinachobaki kikue, mwenye nyumba anayepandisha kodi anamwambia mpangaji ahame. Zingatia hesabu yenyewe: kupandisha kodi ya 36,000 kwa 2,000 kunaleta 24,000 kwa mwaka, na mpangaji akiondoka kwa sababu hiyo, mwezi mmoja mtupu unagharimu 36,000 kabla ya kununua rangi. Itachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kurejesha hasara hiyo. Mpangaji anayelipa tarehe tano kila mwezi na kutunza nyumba ana thamani ambayo jedwali halina pa kuiandika, na kwa maoni yangu mwenye nyumba mwenye busara huiacha kodi nyuma kidogo ya soko ili ambakize. Kadirio la uhalisia ni kuiacha kodi ibaki pale pale kwa miaka miwili au mitatu, ipande kidogo, kisha isimame tena, wakati mishahara ya askari na bei ya umeme wa lifti zinaendelea kupanda.

Hoja ya pili ni kupanda kwa thamani. Hii naiheshimu zaidi, kwa sababu historia ya Nairobi inaiunga mkono kwa kiasi kikubwa. Waliokuwa na ploti kando ya Barabara ya Thika kabla haijapanuliwa na kukamilika mwaka 2012 waliona thamani yake ikibadilika kupita matarajio yao. Lakini waliofaidika pale walikuwa na ardhi. Ardhi na jengo havizeeki kwa namna moja: ardhi inaweza kupanda huku jengo likichakaa, na mwenye fleti moja kati ya 120 ana sehemu ndogo sana ya ardhi na sehemu kubwa ya saruji, mabomba na lifti ambazo baada ya miaka 15 zitadai fedha. Anapouza, mnunuzi wake atakuwa akiilinganisha fleti hiyo na nyingine mpya iliyojengwa ng'ambo ya barabara. Na akipata faida, serikali itachukua asilimia 15 ya ongezeko hilo, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 mwanzoni mwa mwaka 2023. Tuipime hoja hii kwa mizani yake yenyewe. Mwaka 2025, hata baada ya riba kushuka, bondi za serikali za muda mrefu ziliendelea kulipa zaidi ya asilimia 12, na baada ya makato ya asilimia 10 mwenye bondi anabaki na karibu asilimia 11 bila kumtafuta fundi wala mpangaji. Ili fleti yenye mapato halisi ya asilimia 3.6 imfikie, bei yake lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 7 kila mwaka bila kupumzika, yaani iwe karibu mara mbili baada ya miaka 10, ikiwa imezeeka kwa miaka 10. Huenda hilo likatokea mahali fulani. Anayelitegemea anapaswa kujua kwamba amenunua dau juu ya bei, na kwamba kodi ya nyumba ni kifuta jasho tu wakati anasubiri.

Kuna hoja ya tatu ambayo nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa: kwamba anayejenga ploti ya vyumba na bedsita katika Pipeline, Githurai, Zimmerman au Kahawa West hupata faida ambayo mnunuzi wa fleti ya Kilimani haioti. Ni kweli. Gharama ya ujenzi kwa kila chumba ni ndogo, wapangaji wanaotafuta ni wengi, chumba kikiwa tupu kimoja kati ya 40 hakiumizi, na ardhi yote ni yake. Lakini hiyo ni biashara ya kuendesha kila siku. Maji ya mfereji hukatika na lazima maji ya boza yaagizwe. Mahali pasipo na bomba la maji taka, lori la kunyonya huitwa mara kwa mara. Januari, karo zinapolipwa, kodi huchelewa kwa wengi, na mwenye ploti aliyekopa bado anadaiwa rejesho la benki kwa tarehe yake. Anayejaribu kufupisha njia kwa kumfungia mpangaji mlango au kung'oa mabati bila amri ya mahakama anajitafutia kesi ambayo inaweza kumgharimu kuliko malimbikizo yenyewe. Zaidi ya hayo, faida kubwa ya baadhi ya ploti hizi imetokana na kuongeza orofa ambazo ramani haikuruhusu na kupunguza chuma na saruji. Jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50 lilikuwa nyumba ya kupangisha yenye wapangaji wanaolipa. Gharama ya mhandisi, ya udongo kupimwa na ya idhini za kaunti si hiari ya kupunguza ili asilimia ionekane nzuri. Hesabu ya ploti ambayo haiwezi kuzibeba gharama hizo ni hesabu ya ploti isiyofaa kujengwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo nashangaa inavyowashawishi watu makini, ni kwamba kama nyumba za kupangisha zingekuwa hazilipi, matajiri wasingeendelea kuzijenga. Waendelezaji hujenga ili wauze. Faida yao hupatikana siku ambayo mnunuzi anaweka sahihi, na kodi itakayolipwa mwaka wa sita si shida yao. Wenye majengo wanaoyashikilia na kuyapangisha mara nyingi walipata ardhi miaka 30 iliyopita au waliirithi, walijenga kwa fedha zao wenyewe, na wakaenda orofa kwa orofa kadiri biashara nyingine ilivyowaruhusu. Kwao kodi ya 36,000 inagawanywa kwa gharama ya zamani. Kwa mwalimu au muuguzi anayenunua leo kwa bei ya leo, kodi hiyo hiyo inagawanywa kwa milioni 6.4, na kuna benki mezani. Wote wawili wana nyumba katika mtaa mmoja, lakini wako katika biashara mbili tofauti kabisa.

Athari za kosa hili haziwafikii wote kwa usawa. Kijana wa miaka 32 mwenye kazi thabiti anaweza kulibeba pengo la 34,000 kwa mwezi na kuliona kama akiba ya lazima, na sina ugomvi naye ikiwa anajua ndilo analolifanya. Ninayemhofia ni anayestaafu na kuelekeza mafao yake yote katika fleti moja akiahidiwa 40,000 kila mwezi. Huyo atapata 19,000 katika mwaka wa kawaida, na katika mwaka mbaya atatumia akiba aliyobakiza kulipa ada ya huduma ya fleti tupu, wala hawezi kuuza jiko peke yake ili anunue dawa. Yuko pia Mkenya aliye ng'ambo ambaye kisheria si mkaazi kwa madhumuni ya ushuru: kwake makato ni asilimia 30 ya kodi yote, si 7.5, na fleti ile ile inamwachia takriban shilingi 139,500 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 2.2.

Ikiwa lengo ni mapato ya kodi, basi bei ndiyo inayopaswa kubishaniwa. Ili shilingi 228,620 ziwe hata asilimia 6 ya fedha zilizotolewa, gharama yote ya fleti hiyo, pamoja na stempu na wakili, ingepaswa kuwa kama milioni 3.8. Muuzaji hatakubali kirahisi, lakini mnunuzi anayefika na hesabu ya aina hii anajua angalau ni kiasi gani cha bei kinatokana na kodi na ni kiasi gani kinatokana na matumaini. Kwa jengo ambalo limeshakaliwa, aombe taarifa za benki za miezi 24 zinazoonyesha kodi ikiingia, risiti za ushuru wa pango zilizolipwa KRA, na kumbukumbu za mkutano wa mwisho wa wenye fleti, kwa sababu humo ndimo hutajwa lifti inayosumbua, kisima kinachokauka na majirani wasiolipa ada ya huduma. Azungumze na mlinzi wa langoni kuhusu fleti ngapi hazina mtu. Kwa jengo ambalo bado ni ramani, hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo atumie kodi inayolipwa leo katika jengo la jirani lenye umri wa miaka mitano, kwa miezi 10 ya mwaka, na riba iliyo juu ya ile anayopewa kwa pointi nne. Benki nazo, zinapokubali kodi inayotarajiwa kuwa sehemu ya uwezo wa mkopaji kulipa, zingetenda haki zikiihesabu baada ya makato haya yote, kwa sababu rejesho likishindikana, fleti hiyo itapigwa mnada katika soko lile lile lililojaa fleti zinazofanana nayo.